Malewa njo restora yetu, tuikosoe basi



Siku moja kiisha mkutano wa chama, mwenzetu aliyesoma miaka miwili ng'ambo alituambia kitu anachokikosa kuliko vyote tangu arudi. Si treni, si intaneti ya haraka. Ni restora moja ya Kithai ya mtaa aliokuwa anakaa: meza sita ao saba, sahani za plastiki, mama anapika palepale mbele ya macho yako, bei haimtishi mwanafunzi, na ukirudi mara ya tatu anajua unavumilia pilipili kiasi gani. Wote tukatikisa kichwa. Mmoja akasema kwa masikitiko: "Shiye huku hatuna kintu ya vile."

Mbele ya lango, upande wa pili wa barabara, kulikuwa malewa mbili. Meza, sahani za plastiki, mama, moto, bei. Hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa.

Naandika juu ya ile sentensi. Kwenye ukurasa huu tumeshakosoa filamu, nyimbo, maprofesa wanaosoma karatasi za zamani mu oditwari, hata mchezo wa Mazembe. Malewa tunaitaja paka mara mbili: siku za kipindupindu, ili tuseme ni chafu, na siku za kumbukumbu, ili tuseme ilituokoa wakati mifuko ilikuwa mitupu. Uchafu na huruma, basi. Hakuna aliyewahi kuandika hapa kama sombe ya mama fulani ilikuwa nzuri ao mbaya, na juu ya nini. Mimi nasema malewa ni restora, na restora inakosolewa. Leo nakosoa moja.

Lakini kwanza nikae kidogo kwa Wathai, maana ile restora ya mwenzetu haikuanguka kutoka mbinguni. Sahani yao inayojulikana kuliko zote, pad thai, ni tambi za mchele zinazokaangwa na yai, na kitu chachu, na karanga za kusagwa juu. Tambi zenyewe asili yake ni mapishi ya Kichina. Ni serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyeshika uwaziri mkuu kuanzia 1938, ndiyo iliyoisukuma sahani ile kwa watu iwe chakula cha taifa, kwenye miaka ileile ambapo inchi iliacha jina la Siam ikajiita Thailand, 1939. Kiisha, mwaka 2002, serikali nyingine ya kule ikaanzisha mpango wa kuzidisha restora za Kithai duniani: kufundisha wapishi, kusaidia wenye kutaka kufungua mlango kwa watu, kutoa alama ya ubora. Kwa hiyo yule mama wa meza sita ambaye mwenzetu anamlilia, nyuma yake kuna dola nzima. Sisemi tungojee dola yetu ifanye hivyo. Muniachie nicheke kidogo. Nasema tu kwamba chakula "cha kawaida cha mtaa" kina historia, kina watu waliokipigania, na kina kipimo: mtu akionja anaweza kusema hii imekuwa, hii haikukuwa.

Na bukari yetu nayo ina wakubwa nyuma yake, ila wa kwetu walikuwa kampuni. Union Minière ilianzishwa 1906. Mji huu ulizaliwa 1910, mwaka uleule reli kutoka Rodezia ilipofika. Watu waliletwa kufanya kazi kutoka Kasai, kutoka Rodezia, baadaye kutoka Ruanda-Urundi, kila mmoja na chakula cha kwao mu kichwa: huyu muhogo, yule ulezi, mwingine ndizi. Kambi ikawapimia unga wa mahindi. Ile chakula ya kupimiwa ikaitwa posho, na mpaka leo wakubwa wetu wanaita Jumamosi "siku ya posho". Kizazi kimoja, viwili, vitatu, na leo ukimwambia mtoto wa Katuba kwamba bukari ya mahindi si ya tangu mababu atakuona umelewa. Mimi sioni aibu mule. Wathai walipewa tambi na waziri mkuu, shiye tulipewa unga na muzungu wa kambi, na wote tumefanya kile kitu kuwa chetu kwa njia moja tu: kukipika kila siku mpaka tukajua kipi ni kizuri.

Kuna kitabu cha watu wa chuo, kilichoongozwa na Pierre Petit na kutoka 2004, juu ya chakula cha Lubumbashi. Kinaitwa *Byakula*. Wataalamu wa jamii walifanya kazi yao. Wakosoaji bado tunangojewa.

Haya, malewa yenyewe. Iko kando ya barabara ya Kasapa, chini ya mabati manne na turubai moja. Jina haina. Wanafunzi wanaita "pa muembe", na kwa vile miembe iko mingi mu Lubumbashi, simfichui mtu. Benchi tatu za mbao, meza mbili zenye nailoni ya maua, sufuria nne kubwa, mbabula mbili. Nimekula pale wakati wa lisansi, na sasa ninapofanya kazi upande ule nakula pale siku mbili ao tatu kwa juma. Kwa hiyo nahukumu kwa sahani nyingi, si kwa moja.

"Papa, unakamata nini leo?"

"Iko nini, mama?"

"Iko sombe, iko maharagi, iko thomson, iko nyama ya ngombe kidogo."

Ile "kidogo" ni ukweli mtupu, na napenda mwuzaji anayesema ukweli mbele ya pesa.

Tuanze na bukari, sababu kila kitu kinasimama juu yake. Watu wengi wanaihukumu kwa macho: kubwa ao ndogo. Mimi naihukumu kwa vidole. Bukari nzuri inafika ikiwa moto kiasi cha kukufanya ungojee kidogo. Ukiikata, inakatika bila kuvuta nyuzi kama gundi, na bila kuvunjika kama mchanga. Ukiibinya mu kiganja, hausikii mabuje. Na ukiitafuna bila mboga, unapata utamu mdogo wa mahindi, si harufu ya unga mubichi. Unga mubichi ni dhambi ya haraka: mpishi aliongeza unga mwishoni ili izito upesi, hakuiacha ivumilie moto.

Pa muembe bukari ni ya kuchanganya, mahindi na muhogo. Hakuna ubaya, familia nyingi zinapika vile, na muhogo kidogo unaipa ule ulaini wa kushikamana. Lakini kiasi kinabadilika na bei ya unga, na ulimi unajua mbele ya gazeti. Mwaka 2024, wakati ukame ulipiga Zambia na serikali yao ikatangaza maafa ya taifa, sisi tunaokula mahindi yao tulionja ile habari mu sahani: muhogo ulipanda, mahindi yalishuka, bukari ikawa nyeupe ya kuteleza, inashuka kooni kabla hujaitafuna. Kipindi kile sikumlaumu mama. Namlaumu leo, maana unga umepatikana tena na kipimo chake hakijarudi mahali pake. Moto, anaupatia alama zote. Mabuje, sijawahi kukuta. Mahindi, bado.

Sasa sombe, na hapa ndipo naomba mukae vizuri.

Sombe ya pa muembe, siku ikiwa nzuri, ni moja ya vitu vizuri vinavyopikwa mu mji huu, na nasema hivyo nikiwa nimeshakula mjini kwa Wachina, kwa Wahindi na kwenye pizza za bei ya minervali. Majani yanapondwa na kinu, si na mashine, na tofauti inaonekana: mashine inafanya uji wa kijani, kinu kinaacha jani lishikwe na meno. Yanachemshwa kwanza peke yake, bila haraka, bila kifuniko. Hiyo si mapambo. Jani la muhogo lina sumu yake, na moto mrefu ndio unaoitoa pamoja na ule uchungu wa majani mabichi. Kiisha kinakuja kitunguu, bilinganya, pilipili nzima isiyopasuka, mafuta ya ngazi, na mwisho ndakala wakavu wa Tanganyika, wachache, waliopondwa nusu.

Ule mkono wa ndakala ndio naotaka muuelewe. Mwenzetu alipokuwa anasifu mapishi ya Kithai alisema siri yao ni maji ya samaki: samaki wadogo wanalazwa na chumvi miezi mingi mpaka wanatoa maji yenye harufu kali, na matone machache yanainua sahani nzima bila sahani kunuka samaki. Tulisikiliza kama watoto. Lakini ndakala mu sombe inafanya kazi ileile! Hauioni, haunusi samaki, ila ukiitoa, sombe inalala. Bamama wetu wanajua ile elimu zamani sana, hawakuipa tu jina. Na mkosoaji kazi yake moja ni hiyo, kukipa kitu jina ili siku kikipotea tujue kimepotea nini.

Na kinapotea. Tunaingia mu kosa kubwa la pa muembe, ambalo ni kosa la karibu malewa zote nilizokula kutoka Kasapa mpaka Kenya: kibe. Kile kibe cha mchuzi, kilichofungwa mu karatasi, kinachouzwa kimoja kimoja. Kimeingia mu maharagi, kimeingia mu nyama, kimeingia mu tomati ya thomson. Sina vita na kibe mahali pake. Lakini ukikula maharagi leo, nyama kesho na samaki kesho kutwa, na vyote vitatu vinamalizia mu kinywa na ile ladha moja ya chumvi na manjano, basi haukukula vitu vitatu. Umekula kibe kilichovaa nguo tatu. Maharagi ya yule mama yangeweza kusimama yenyewe: anayaloweka usiku, yanaiva sawasawa, ngozi haipasuki. Anayaua mwishoni na vibe viwili ambavyo hakuna aliyemwomba. Siku moja kibe kilikwisha, mtoto aliyetumwa dukani akachelewa, na tulikula maharagi ya kitunguu, tomati na chumvi. Yalikuwa mazuri zaidi. Nilimwambia. Akacheka, akasema niko wa kwanza kumwambia vile.

Thomson sitakawia nayo. Ni samaki wa baridi kutoka bahari ya Namibia, amesafiri kuliko wengi wetu, na hakuna ubaya mu safari. Ubaya ni kwamba anakaangwa asubui, anapoa mu beseni, kiisha saa saba anatupwa tena mu supu ili apate joto. Nyama inakuwa kamba. Watu wanamchagua kwa sababu ndiye kipande kinachoonekana kikubwa kwa bei ile. Nakumbusha tu kwamba mji huu uliwahi kulishwa na samaki wa karibu: Wagiriki walijenga biashara nzima pale Kasenga, kando ya Luapula, kupeleka samaki kwa wafanyakazi wa migodi ya huku. Mto ule haujahama.

Pilipili: ya kukaanga na kitunguu na mafuta, inakaa mu kikopo mezani, kila mtu anajipimia. Haina kasoro. Kama ningelazimishwa kula kitu kimoja pa muembe maisha yote ningechukua bukari na hiyo pilipili, na jirani angenihurumia bure.

Usafi, nimalize na upande ule haraka, sababu najua kuna mtu anangojea. Ndoo ya kunawia ina robine na sabuni iko. Sufuria zimefunikwa. Sahani zinaoshwa mu beseni mbili, na maji ya beseni ya pili, ya kusuuza, yanabadilishwa mara chache kuliko inavyotakiwa. Kiisha saa saba nisingesuuza hata kiatu mule. Ni kasoro ya kweli na nilimwambia kwa heshima, pembeni, si mbele ya watu. Siku zilizofuata maji yalibadilishwa. Kiisha tulirudi palepale.

Sasa swali ambalo wengi watanitupia: wewe na lisansi yako, umekosa wa kukosoa mpaka unamshika mama anayesomesha watoto kwa sufuria nne? Nimelifikiria sana. Jibu langu ni ku michopo.

Nendeni siku ya posho jioni, Kamalondo ao Kenya, mahali moshi wa mbuzi unapofunga barabara. Angalieni wanaume. Mbuzi anakatwa vipande, anachomwa juu ya makala, anapigwa chumvi, kitunguu na pilipili, anafika mu karatasi na chupa ya Simba pembeni. Na wale wanaume, wakiwemo wasiosoma hata kidogo, ni wakosoaji wakali kuliko wa magazeti ya Paris. "Hii ni mbuzi muzee." "Umechoma mbele makala haijakuwa nyekundu." "Rudisha, ukamate mbavu." Wanajua kipande, wanajua moto, wanajua umri wa mnyama, wanabishana mpaka saa tano usiku nani anachoma vizuri kuliko nani, na mchomaji hakasiriki. Anasimama wima zaidi. Sababu anajua anahukumiwa kama fundi. Na angalieni matokeo: michopo ya Lubumbashi ni nzuri kweli. Haikuwa nzuri kwa bahati.

Kwa hiyo si kweli kwamba hatujui kukosoa chakula. Tunajua sana, lakini tunakosoa kile kinachochomwa na wanaume, kinacholipiwa na wanaume, siku ya pombe. Sombe ya saa sita mchana, iliyopikwa na mama kwa saa tano, tunaimeza huku tunatazama telefone, kiisha tunasema "mama, uniongezeeko kasupu", tunatoka. Ile tunayoita huruma kwa bamama wa malewa, mimi naiona ni kutowahesabu. Fundi wa michopo tunampa maneno. Mama tunampa pole.

Na ile kimya yetu ina bei. Mwezi uliopita nilifika mapema, nikamkuta anachambua majani, nikamwuliza juu ya nini siku hizi sombe inatoka siku mbili tu kwa juma. Akanijibu bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, mi nabandikaka sombe saa kumi na moya ya asubui. Jirani anabandika saa tatu, sombe ya mashine, anatia bikarbonati, saa ine iko tayari. Saa sita wote tunauzisha bei moya. Banafunzi banakuya, banauliza paka kintu moya: bukari ya nani njo mukubwa. Sasa makala yangu, nani analipa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala ni kweli: gunia linapanda, miti inazidi kuwa mbali na mji, na saa tano za moto si mchezo. Bikarbonati inalainisha jani upesi na kuliacha kijani cha kung'aa, kijani kinachodanganya jicho, na sombe ile inateleza kama kitu kilichokwisha kutafunwa na mwingine. Sasa anafikiria kufanya kama jirani. Si kwa uvivu. Kwa hesabu. Mu soko ambapo wanunuzi wote wanauliza ukubwa tu, mpishi mzuri ndiye anayepata hasara, na mpishi mbaya ndiye mwenye akili. Hiyo ni hesabu ya mwaka wa kwanza wa uchumi, na wengi wetu tuliifaulu.

Nikamwuliza kama angeweza kuongeza bei ya sombe peke yake, kidogo, kama wanavyofanya kwa nyama. Akanitazama sasa.

"Balipe juu ya majani?"

Pale nilielewa kwamba hata yeye ameanza kuamini ile tunayoamini: majani ni chakula cha siku mbaya, nyama ni chakula cha siku nzuri, na kazi ya mikono haiingii mu bei. Pizza ni unga, tomati na jibini kidogo, na tunailipa pesa ya sahani sita ao saba za malewa bila kuuliza kama ni kubwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo si ya mama huyu peke yake. Mwezi wa kwanza na wa pili, wakati wa mvua, barabara zinazotoka mjini zinajaa watu wanaouza uyoga wa pori, wa manjano, wa kahawia, wengine wakubwa kama kofia. Wageni wanasimamisha magari. Kikanda nayo iko: ile keki ya viazi vidogo vya maua ya porini iliyopondwa na karanga na pilipili, inauzwa vipande barabarani, unaila umesimama. Munkoyo iko mu bidoni kila kona, baridi, chachu kidogo, kinywaji kinachofaa bukari kuliko soda yoyote. Lakini ukiingia ku malewa, hata moja ya hivi haiko. Orodha ni ileile mwaka mzima: sombe, maharagi, thomson, nyama kidogo, lengalenga mara moja moja. Restora ndogo ya Kithai inabadilisha sahani kufuata soko la asubui. Sisi soko letu linabadilika na malewa inabaki. Nilimtajia mama uyoga. Alisema wanafunzi wanaogopa sumu. Inawezekana. Inawezekana pia hakuna aliyewaonjesha.

Hukumu yangu, basi, kwa wanaopenda alama. Bukari: moto na mkono mzuri, mahindi hayatoshi. Sombe: bora kabisa siku ya kinu, na nimeshakuambieni iko hatarini. Maharagi: mazuri mpaka dakika kibe kinapoingia. Nyama: kidogo, kama alivyosema mwenyewe. Thomson: mupite. Pilipili: mubebe kikopo kama atakubali, mimi alinikatalia. Beseni ya pili: maji mapya, mama, tafadhali.

Mkienda, sombe ni siku ya pili na siku ya ine. Fikeni mbele ya saa saba, maana ndakala zinashuka chini ya sufuria na wa mwisho wanapata mafuta tu. Mukule, na kama ni nzuri mumwambie ni nzuri kwa nini, kama ni mbaya mumwambie vilevile, kwa sauti ya chini. Bei ya sombe aliipandisha juma lililopita, kidogo tu, kujaribu. Nilikuta watu wanne kwenye benchi, wawili walilipa, wawili wakavuka kwa jirani. Siku ya posho hafungui.